Kiti cha meneja na cherehani ya miguu

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema kazini wanataka uongoze timu, na unaogopa ukikubali utasahau kuandika programu. Unauliza pia mbona mimi nilikipata kiti hicho nikakirudisha. Halafu mwishoni ukapitisha haraka haraka kwamba Jumamosi hujui ufanye nini, unaishia kufungua kompyuta ileile.

Kiti nilipewa mwaka 2008. Posho ya mafuta ilikuwepo, na ofisi yenye kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye mafaili. Ijumaa moja kijana wangu akaniletea marekebisho ya programu ya mishahara. Nilikuwa nawahi kikao, nikatia sahihi bila kusoma.

Mwisho wa mwezi watumishi tisa hawakulipwa. Vijana walihangaika tangu asubuhi. Nilipoletewa majina sikuhitaji hata kuwasha mashine: wote walikuwa na majina ya Kisukuma yenye ng'. Kale kaalama ka juu ndiko tulikokuwa tukiweka mwanzoni na mwishoni mwa maneno kwenye FoxPro, lugha tuliyoandikia programu. Programu ikifika kwenye Ng' inadhani jina limeisha, yanayofuata haiyaelewi, inakwama. Mtego huo ulininasa mimi mwenyewe mwaka 1994. Kijana hakuujua, na niliyeujua nilikuwa kikaoni nakula korosho.

Baba yako mpaka leo anadhani niliacha kwa aibu. Aibu ilikuwepo, sikatai. Lakini niligundua kwamba kuongoza ni kazi nyingine kabisa. Kazi yangu siku ile ilikuwa kukaa na yule kijana nusu saa, na nusu saa hiyo mimi nilikuwa naionea uchungu, naona ananichelewesha. Nikarudi kwenye meza yangu ya zamani, posho ikakatwa, tukapanda daladala.

Sasa wewe, unayemfundisha binamu yako hesabu kwa simu mpaka salio linakata, sioni kama umerithi ugonjwa wangu. Jaribu. Ukiona uongozi umekushinda, waambie wakurudishe, tena useme kabla hujanuna.

Kusahau kusikutishe. Machi 2007, kabla hata sijapewa hicho kiti, Microsoft walikuwa wameshatangaza kwamba baada ya FoxPro ya 9 hakuna nyingine. Lugha niliyoila na kuilala miaka kumi na nne! Nililia, cheka tu. Ila makato ya NSSF, kodi ya mshahara, mtu aliyeacha kazi katikati ya mwezi, mjane anayefuatilia mafao, hayo nilikuwa nayajua, na nilihama nayo kwenda kila lugha iliyofuata.

Tuje kwenye Jumamosi. Mkongo wa SEACOM, ule waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, ulipofika Dar, Julai 2009, intaneti ikaanza kwenda mbio, na kazi ikapata njia ya kuingia mpaka jikoni. Simu haikutoka mkononi. Ulikuwa na miaka kumi. Ukaichukua ukaifukia kwenye debe la unga, nikaikuta kesho yake nikichota unga wa ugali. Nilikukaripia sana. Kisha nikapangusa kioo nikaangalia: simu kumi na nne, zote za mtu mmoja aliyesahau neno lake la siri.

Mwezi ule ndio nikanunua cherehani kwa jirani, ile ya miguu unayoijua. Gauni la kwanza mikono niliishona nje ndani, shangazi yako akalivaa hivyo hivyo harusini. Watu huniuliza kama ushonaji umenisaidia kazini. Haujanisaidia hata kidogo, na sijawahi kuuza nguo. Na wewe tafuta chako, kiwe hata kuogelea Coco Beach, ila usikitafutie faida, maana nakujua: wiki ya pili utakitengenezea programu.

Ukija Tanga sikukuu hii, nipitie Kariakoo uchukue vifungo vyeusi kumi na viwili, vya matundu manne. Vya huku vinapasuka.

Mama yako