Dohani isiyo na kitako: maswali ya wenye nyumba za zamani Uingereza

Nyumba za safu zilizojengwa Uingereza katika zama za Malkia Victoria zilikuwa na meko karibu kila chumba, na moshi wake ulipanda ndani ya mwili wa dohani, yaani lile bonge la matofali linalotokeza ukutani kuanzia sakafu ya chini hadi darini, kisha likaonekana juu ya paa kama kichwa. Makaa yalipoachwa, hasa baada ya Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956 na kuenea kwa joto la mabomba, wenye nyumba wengi walibomoa sehemu ya chini ili wapate mahali pa kabati au friji. Maswali ya safari hii yote yanahusu sehemu iliyobaki juu.

Mkaguzi, shikamoo. Tumenunua nyumba ya mwaka 1898 hapa Leicester. Jikoni dohani haipo, lakini chumbani juu ipo. Nitajuaje kama kuna kitu kinachoishikilia?

Marahaba. Kwanza pima unachokizungumzia. Mwili wa dohani wenye upana wa mita 1.2, unaotokeza sentimita 35 katika chumba chenye kimo cha mita 2.4, una takriban mita moja ya ujazo, na mita moja ya ujazo ya matofali ina uzito unaokaribia tani mbili. Hata ukitoa uwazi wa njia za moshi, chumba hicho peke yake kimebeba zaidi ya tani moja, kabla hujahesabu darini na kichwa kilicho juu ya paa.

Kwa kuwa dari ya jikoni imekwisha kupigwa plasta, kutazama kwa chini hakutakupa jibu. Mwambie fundi atoboe tundu dogo chini ya mahali ilipo dohani, la kutosha kupitisha tochi na simu ya kupiga picha. Ukiona boriti ya chuma ambayo ncha zake zimekaa ndani ya kuta, hiyo ni dalili njema. Ukiona mbao tupu, mwite mhandisi wa miundo, na kitanda kilicho karibu na ukuta huo, pamoja na meza ya jikoni iliyo chini yake, vihamishwe leo. Katika nyumba moja niliyoikagua, matofali yote yalikuwa yamekaa juu ya vipande viwili vya mbao za sakafu vilivyopigiliwa misumari kwenye maboriti. Mbao zilikuwa zimepinda katikati, na ungaunga mweupe wa chokaa ulikuwa umelala juu ya plasta ya dari mithili ya unga uliomwagika.

Utauliza kwa nini haijaanguka miaka yote hiyo. Matofali ya dohani yamefumwa pamoja na yale ya ukuta, kwa hiyo ukuta unaushika ule mzigo kwa ubavu, kazi ambayo haukujengewa. Chokaa iliyotumika zamani badala ya saruji huliwa taratibu na masizi na maji ya mvua yanayoingia kwa juu. Ndiyo maana simkubalii muuzaji anayejitetea kwamba imekaa miaka 30 bila tatizo. Tazama pia nyufa pale dohani inapokutana na dari au ukuta, na sakafu ya juu iliyoinama kuelekea upande huo.

Fundi anasema atafunga vyuma viwili vya pembetatu ukutani kwa bolti na kumaliza kazi siku moja. Inatosha?

Mara chache, kaka, na halmashauri nyingi, ambazo ndizo huidhinisha kazi za ujenzi, hazivikubali tena. Zile zinazovikubali huweka masharti: ukuta uwe imara na wenye unene usiopungua takriban milimita 215, dohani isitokeze zaidi ya milimita 340 hivi, na jirani wa upande wa pili awe hajabomoa ya kwake. Hilo la mwisho ndilo mafundi hulisahau. Vyuma hivyo huuvuta ukuta kuelekea kwako, na iwapo jirani ameondoa dohani iliyokuwa mgongo wa ukuta huo, unautundika mzigo kwenye ukuta wa unene wa tofali moja usio na tegemeo.

Njia ninayoipendekeza ni boriti za chuma zinazopita chini ya dohani kutoka ukuta mmoja unaobeba mzigo hadi mwingine, huku ncha zake zikikalia vipande vya zege. Mhandisi apige hesabu, na mkaguzi wa halmashauri aione kazi kabla dari haijafungwa. Kama ukuta ni wa pamoja na jirani, sheria ya kuta za pamoja ya mwaka 1996 inakutaka umpe taarifa ya maandishi miezi miwili kabla. Asipokubali kwa maandishi ndani ya siku 14, huhesabiwa kuwa kuna mgogoro, na wapimaji wa majengo huteuliwa kuuamua.

Muuzaji hana cheti cha ujenzi kutoka halmashauri kwa kazi ya kubomoa dohani, ila ananipa bima. Nikubali?

Bima hiyo hufidia hasara iwapo halmashauri itachukua hatua kwa kukosekana kibali. Haibebi tofali hata moja. Kazi iliyofanywa baada ya tarehe 11 Novemba 1985 inaweza kuombewa cheti cha kuihalalisha, lakini zungumza na wakili wako kabla ya kuipigia halmashauri simu, kwa sababu simu hiyo yaweza kuibatilisha bima. Mimi ningedai kwanza ripoti ya mhandisi, kisha nipunguziwe bei kwa kiasi cha gharama ya boriti.

Mimi ni mpangaji London. Ufa umetokea juu ya kabati lililowekwa mahali pa meko, na mwenye nyumba hajibu.

Dada yangu, mwandikie barua pepe yenye picha za ufa huo, rula ikiwa kando yake na tarehe ikionekana, kisha piga picha nyingine kila wiki. Akiendelea kunyamaza, peleka malalamiko kwa kitengo cha nyumba cha halmashauri, kwani kuporomoka kwa jengo ni miongoni mwa hatari wanazokagua chini ya Sheria ya Nyumba ya mwaka 2004. Chokaa au vipande vya tofali vikianza kudondoka, usisubiri barua: toka chumbani, funga mlango, uwapigie siku hiyo hiyo.