Je, jua "linasafisha" maji?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kikundi chetu cha maji hapa Usa River, Arusha, kinaandaa bango kuhusu chupa za kuanika juani, zikiwemo zilizopakwa titani dayoksaidi kwa ndani. Mwenzangu ameandika: "Jua linasafisha maji kwa kichocheo cha mwanga. Anika chupa saa sita." Naona kuna kasoro ila siwezi kuieleza.

JIBU: Marahaba. Kinachonitia hofu zaidi ni hilo "linasafisha". Mtu akiambiwa maji yamesafishwa, anakunywa na haulizi tena. Nanyi mko chini ya Mlima Meru, ambako maji mengi yana floraidi ya kutosha kuwatia watoto meno ya kahawia. Miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, inaua bakteria na virusi, lakini floraidi inabaki palepale hata chupa ikikaa juani wiki nzima, na kichocheo, yaani ile titani dayoksaidi, hakibadilishi hilo. Andikeni kinachotendeka: "Jua linaua vijidudu vya maji. Haliondoi floraidi." Wala msikimbilie "kutakasa", maana neno hilo limekaa jirani mno na utakatifu, atakayelisoma ataamini hakuna kilichobaki.

"Kichocheo" ni neno zuri sana. Mpishi akichochea kuni, moto unawaka zaidi na yeye haungui. Titani dayoksaidi, unga uleule unaozipa rangi za ukutani weupe wake, ikipigwa na miale hiyo hutengeneza kutokana na maji na oksijeni kemikali kali zinazotoboa kuta za vijidudu, na yenyewe haiishi. Shida iko kwenye "cha". Kichocheo cha ghasia huchochea ghasia. Basi kichocheo cha mwanga kingechochea mwanga, ilhali hapa mwanga ndio unaokiamsha. Semeni "kichocheo kinachoamshwa na mwanga". Ni kirefu, lakini kinaeleweka.

Halafu "saa sita". Hili hukuliuliza, ila siwezi kuliacha. Kwa Kiswahili chetu saa sita ni muda na pia ni adhuhuri, na bango linalotaja jua litawafanya wengi waanike chupa mchana jua la utosi, kisha waitoe baada ya dakika chache. Andikeni: "Anika tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kukiwa na mawingu, anika siku mbili. Maji yenye tope yachujwe kwanza."