Je, kwasa huwaka kama Nyiragongo?

SWALI: Bwana Mhariri, nilisoma kwamba kwasa (kiini king'aavu mno cha galaksi ya mbali) iitwayo 3C 273 iko umbali wa zaidi ya miaka bilioni 2 ya nuru, na kwamba mawimbi yake ya redio hutoka mahali padogo mno. Ikiwa katika darubini huonekana kama nukta tu, udogo huo umejulikanaje? Tena, je, huwaka kwa joto, kama wekundu tunaouona usiku juu ya volkano yetu ya Nyiragongo? – Msomaji wa Himbi, Goma.

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na joto, maana hapo ndipo penye uzito. Lava hung'aa kwa sababu ni ya moto, na ikipoa hufifia. Kiini cha kwasa sivyo. Kama mng'ao wake wa redio ungetokana na joto, kingelazimika kufikia nyuzi joto bilioni mia kadhaa, na kitu cha namna hiyo kingemwaga nguvu zake katika miale ya gama, ile yenye nguvu nyingi mno, badala ya redio. Ukweli ni kwamba shimo jeusi (kitu chenye mvuto mkubwa hata nuru haiponyoki) lililo katikati ya galaksi, linapovuta gesi, huambatana na mikondo miembamba ya elektroni, yaani chembe ndogo zenye chaji ya umeme, ziendazo karibu na kasi ya nuru. Uga wa sumaku huzipinda elektroni hizo, nazo kwa kupindwa hutoa mawimbi. Huo ndio mnururisho wa sinkrotroni.

Sasa udogo. Katika vyanzo vidogo elektroni husongamana hata mawimbi ya masafa ya chini, yaani yenye mitetemo michache kwa sekunde, humezwa nazo kabla ya kutoka, na upungufu huo, unaopimika hapa duniani, ni dalili ya kwanza ya udogo. Dalili ya pili ni muda: chanzo kinachobadilika nguvu ndani ya miezi michache hakiwezi kuwa kipana sana kuliko mwendo wa nuru wa miezi hiyo. Hata hivyo, kipimo hiki kinataka uangalifu, kwa kuwa mkondo unaotuelekea hufanya mabadiliko yaonekane ya haraka kuliko yalivyo.

Tangu 1967, darubini za redio zilizo mbali sana moja na nyingine zimeunganishwa zifanye kazi kama moja, na kwa njia hiyo mafundo ya 3C 273 yameonekana yakitoka kiinini kana kwamba yanaipita nuru. Hayaipiti, yanakuja karibu moja kwa moja upande wetu, yakiyafuata kwa nyuma mawimbi yao wenyewe, hivyo safari ya miaka mingi hutufikia kana kwamba ni ya miaka michache.