Maswali ya Wasomaji: Baiskeli Kandokando ya Mto IJssel

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mdogo wangu wa kike tunasoma Uholanzi. Mwezi uliopita tulipanda treni hadi Deventer na baiskeli zetu za mbio, tukakusudia kurudi nyumbani Arnhem kwa kuufuata Mto IJssel kupitia Zutphen na Doesburg. Nchi yote ni tambarare, mashamba ya mahindi na malisho ya ng'ombe pande zote, wala hatukupanda kilima hata kimoja. Hadi Zutphen tulijimudu, lakini tulipofika Doesburg mapaja yalikuwa yakiwaka moto, vidole vyangu viwili vya mwisho vimekufa ganzi, na kutoka hapo hadi Arnhem tulijikokota tu. Rafiki yetu anashauri tununue gia nyepesi zaidi. Je, tatizo ni gia au ni sisi wenyewe?

JIBU: Gia hazina kosa, ndugu msomaji, na fedha yako itunze. Mlichokosea ni upande wa kuanzia safari. Uholanzi upepo huvuma mara nyingi zaidi kutoka kusini-magharibi, na IJssel, ambao una urefu wa kilomita 125 hivi, huachana na Rhine karibu na Arnhem na kuelekea kaskazini hadi kwenye ziwa la Ketelmeer. Ukishika njia kutoka Deventer kwenda Zutphen, upepo huo hukupiga ubavuni kulia, na mtu huvumilia. Ukiipita Zutphen, mto unapinda, nawe unaanza kuupokea usoni. Na kutoka Doesburg hadi Arnhem unaelekea magharibi na kusini-magharibi, maana yake ni kwamba sehemu ngumu kuliko zote mliiweka mwisho, wakati nguvu zimekwisha.

Anayezoea milima hudhani tambarare ni mapumziko, kumbe hewa ndiyo mlima wenyewe. Mkinzano wa hewa hauongezeki sambamba na kasi, bali huongezeka kwa mraba wake. Ukienda kilomita 20 kwa saa siku isiyo na upepo, uso wako unakutana na hewa ya kilomita 20 kwa saa. Ukienda kasi ileile dhidi ya upepo wa kilomita 20 kwa saa, unakutana na hewa ya kilomita 40, na mkinzano wake ni mara nne. Gia nyepesi ingewasaidia kukanyaga pedali haraka zaidi, lakini hewa ile ingebaki pale pale ikiwasubiri.

Kwa hiyo geuzeni safari. Mkitoka Arnhem asubuhi mtausikia upepo mgongoni hadi Doesburg na hata Zutphen. Baada ya hapo utahamia begani kushoto, na mkipenda kuipita Deventer na kuufuata mto zaidi, kutoka mji wa Hattem hadi ule wa Kampen utapiga ubavuni moja kwa moja, lakini hapo mtakuwa mmekaribia kumaliza. Doesburg hadi Kampen kwa kuufuata mto ni karibu kilomita 90, umbali ambao ni vizuri kuugawa kwa siku mbili na kulala Deventer. Treni iende kinyume cha upepo, baiskeli ishuke nao. Tazameni utabiri usiku wa kuamkia safari, kwa sababu hasa majira ya kuchipua upepo huweza kugeuka ukatoka mashariki au kaskazini, na ukifanya hivyo nanyi mgeuke. Kumbukeni pia kwamba siku za kazi baiskeli isiyokunjwa hairuhusiwi ndani ya treni saa za msongamano wa asubuhi na jioni, na kwamba ina tiketi yake mbali na yako.

Kuna jambo jingine ambalo wageni wa nchi hii hulichelewa kuliona. Njia ya juu ya tuta la mto, yaani kingo ya udongo iliyoinuliwa kuzuia mafuriko, inavutia, kwa kuwa kutoka pale unaona maji upande mmoja na mapaa ya nyumba za wakulima upande wa pili. Lakini juu ya tuta hakuna mti wala ukuta wa kukukinga. Pale ambapo ipo barabara ya pili chini ya tuta upande wa mashamba, na mkiwa ukingo wa mashariki, ambako tuta huukata upepo wa kusini-magharibi, teremkeni mkaifuate. Mtashangaa jinsi kelele ya upepo masikioni inavyokatika ghafla, kana kwamba mtu amefunga mlango. Mandhari mtaipoteza kwa nusu saa. Mimi huona ni biashara nzuri.

Kuhusu ganzi, hiyo ni gharama ya tambarare isiyotajwa. Mlimani mtu husimama juu ya pedali akipanda, na akiteremka huacha kukanyaga kabisa. Kwenye nchi ya mkeka hakuna mteremko wa kukupumzisha, kwa hiyo unakaa vilevile saa nzima, na kiganja kinabana mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye kidole cha mwisho na jirani yake. Kila baada ya dakika kumi hivi inuka kitini kwa mizunguko ishirini ya pedali, na uhamishe mikono kwenye usukani hata kama bado haijauma. Na kwa kuwa mko wawili, pokezaneni mbele kwa zamu fupi. Upepo ukitoka kushoto, wa nyuma akae nyuma na kulia kidogo kwa mwenzake, maana kivuli cha upepo hakiangukii nyuma tu.

SWALI: Nikitumia baiskeli ya mbio, je, ninaruhusiwa kuacha njia ya baiskeli na kupita barabarani? Dereva mmoja alinipigia honi kwa hasira karibu na Olst.

JIBU: Inategemea kibao. Cha duara, cha buluu, chenye baiskeli nyeupe kinakulazimisha kutumia njia hiyo, hata kama tairi zako ni nyembamba na unaona barabara ni laini zaidi. Kile cha mstatili kilichoandikwa "Fietspad" (njia ya baiskeli) kinakuachia hiari. Yaelekea dereva alikuwa na haki, ingawa honi haikuwa na adabu. Mnaweza kwenda wawili sambamba ilimradi hamzuii wengine. Kengele ni lazima kisheria, na usione haya kuipiga mapema, kwa sababu mzee anayetembea na mbwa juu ya tuta hasikii tairi zako. Ukiona pembetatu nyeupe zimechorwa chini na ncha zake zinakuelekea wewe, ni wajibu wako kusubiri.

Njia za baiskeli za kujiburudisha zimeunganishwa kwa namba za makutano, yaani kila makutano yana namba yake kwenye kibao, kiasi kwamba mtu huandika namba sita au saba kwenye karatasi, akaibandika kwenye usukani, na kusahau ramani. Mpango huo ulianza mwaka 1995 katika jimbo la Limburg nchini Ubelgiji, na aliyeubuni, Hugo Bollen, alikuwa mhandisi wa migodi.

SWALI: Nina siku moja tu. Nisimame mji gani, na je, tairi za milimita 25 zitahimili mawe ya miji ya kale?

JIBU: Simama Zutphen. Kando ya kanisa la Walburgiskerk ipo maktaba iliyojengwa kati ya mwaka 1561 na 1564, ambamo vitabu vingali vimefungwa kwa minyororo kwenye meza zake za kusomea, na si miji mingi ya Ulaya inayoweza kukuonyesha kitu hicho. Kampen yenye malango yake matatu ya kale ni nzuri pia, hasa ukiitazama kutoka ng'ambo ya mto, lakini iache kwa siku nyingine.

Tairi zitahimili, ila wewe ndiye utakayetikisika. Kama fremu inaruhusu, weka za milimita 28 au 32 na upunguze upepo ndani yake. Kinachoangusha watu hasa ni matofali ya udongo yaliyoloa, pamoja na zile nondo za chuma zilizolazwa barabarani ili kuzuia ng'ombe na kondoo: zipite ukiwa umenyooka, bila kukata kona wala kushika breki.

SWALI: Je, safari hii inafaa mwezi wa Januari?

JIBU: Juu ya tuta, ndiyo, kwa mwenye glavu nzito. Njia za chini, kati ya tuta na mto, zipo mahali ambapo mto umeachiwa nafasi ya kujaa, na maji yakipanda hutoweka kabisa chini yake. Baadhi ya vivuko vidogo vya baiskeli na waenda kwa miguu hupumzishwa majira ya baridi, kwa hiyo panga kuvuka kwenye madaraja ya Zutphen, Deventer au Kampen.