Kabla ya majivu, mtafute uliyemkosea

Mdogo wangu, umeuliza kama kuacha nyama na mbege, pombe yetu ya ndizi, kunatosha kujiandaa na Kwaresma. Acha, ni vizuri, ila usianzie hapo. Mimi huanza siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu. Jioni nazima simu, najiuliza: nimemsema nani vibaya, nani namkwepa tukikutana soko la Mbuyuni, deni la nani nimelikalia kimya? Naandika kwenye karatasi, maana nikiyaacha kichwani, makosa yangu huwa madogo na ya jirani makubwa. Kisha nasoma Luka 18. Yule Farisayo alifunga mara mbili kwa juma, na bado aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki ni mtoza ushuru aliyejipiga kifua. Hapo mimi hutetemeka kila mwaka.

Mwaka mmoja jina la kwanza kwenye karatasi lilikuwa la kaka yangu. Tulikuwa hatusalimiani miaka mitatu, kisa mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Sisi Wachaga mpaka tunaupanda masale, mimea ya majani marefu, na jani hilo hilo la isale ndilo tunalobeba kwenda kuomba msamaha. Nilipanda nalo hadi kwake Kibosho, miguu mizito kweli. Kaka alilipokea kwa mikono miwili. Ndipo nikaenda kuungama, na nilikuwa na la kusema.

Kwa hiyo andika karatasi yako leo usiku. Jina la kwanza, mwendee kabla ya Jumatano. Ya mbege tutaongea baadaye.