Kubandika shukrani za wagonjwa kwenye ukurasa wa kliniki: jibu langu

Mkuu, umeuliza kama unaweza kubandika kwenye ukurasa wa kliniki yako ujumbe wa shukrani uliotumiwa na mgonjwa, maadamu mwenyewe ameridhia. Mimi ni daktari wa meno, na nakuomba usibandike kabla hujasoma kanuni za baraza lililokupa leseni. Ridhaa ya mgonjwa inamaliza suala la siri yake tu, suala la tangazo linabaki palepale.

Mfano ni Australia. Kifungu cha 133 cha sheria inayosimamia wanataaluma wa afya kinakataza ushuhuda, yaani maneno ya mgonjwa ya kusifu matibabu, kwenye tangazo la huduma. Mgonjwa akikusifu kwenye tovuti usiyoisimamia, hilo si tangazo lako. Ukiyachukua maneno yale ukayaweka kwako, tayari umetangaza. Hata punguzo la bei lazima litajwe na masharti yake. Kwingine ushuhuda unaruhusiwa, ndiyo maana nasema soma kanuni za kwako.

Mimi niliponzwa na picha. Nilimwachia kijana wa matangazo aweke picha za meno niliyoyang'arisha, kabla na baada. Ya kabla ilipigwa kwenye mwanga hafifu, meno yamekauka. Ya baada taa inawaka, meno yamelowa mate, yanameremeta. Hakuna aliyezichezea, lakini zikiwekwa pamoja zilidanganya. Wiki chache baadaye akaingia mama mmoja, simu mkononi: "Daktari, nataka nitoke hivi." Fizi zake zilikuwa zimeshuka, mizizi iko wazi, meno mawili yanacheza. Kung'arisha kungemwongezea maumivu tu. Nilipomweleza, aliitazama ile picha tena, akaizima simu, akaitia mkobani taratibu. Matumaini yale nilimpa mimi, kabla hata sijamwangalia kinywani. Jioni ile nilizifuta zote. Na usiseme "aliyeandika ni kijana wa matangazo". Leseni ina jina lako.

Neno "bingwa" nalo liogope. Kozi ya wiki mbili haikufanyi bingwa. Kama hujasajiliwa hivyo, andika kazi unazofanya: naziba, nang'oa, natibu mzizi wa jino. Mtu aliyekesha na maumivu hana namna ya kukupima, analishika neno hilo moja na kuja.

Weka saa za kazi, huduma, bei, na sifa zako kama zilivyo kwenye cheti. Ule ujumbe wa shukrani, mjibu mgonjwa wako faraghani.