Kwa nini mabomu hayakuikata Njia ya Ho Chi Minh

Mkuu, umeuliza iweje Marekani, pamoja na ndege zote zile, ishindwe kuikata Njia ya Ho Chi Minh, ile ambayo Vietnam Kaskazini waliitumia kupeleka askari na silaha kusini wakati wa Vita vya Vietnam. Kwanza haikuwa njia moja. Ulikuwa mtandao wa barabara na vijia vilivyopita misitu ya Laos hadi Kambodia. Kipande kimoja kikipigwa, malori yanachepukia kingine. Laos ilimwagiwa zaidi ya tani milioni 2 za mabomu kati ya 1964 na 1973, na mizigo bado ilifika.

Jamaa wa Kaskazini walisafiri usiku. Baiskeli ilifungwa kijiti kwenye usukani, ikapakiwa kilo 200 hivi, mtu akaisukuma akitembea kando yake. Madaraja mengine yalijengwa chini kidogo ya uso wa maji ili rubani asiyaone. Hiyo ndiyo akili!

Ila usidhani mabomu hayakufua dafu kabisa. Daraja la Thanh Hoa, huko Vietnam Kaskazini, lilishambuliwa tangu Aprili 1965 likagoma kuanguka; Mei 1972 mabomu ya kuongozwa kwa leza yakaliangusha. Na mwaka huo Kaskazini walikuwa wanapigana kwa vifaru, vinavyokunywa mafuta kuliko wapiganaji wa msituni, kwa hiyo kukatiwa njia kuliwauma zaidi.